Jani Moja Latosha: Kulitunza Ua la Mwambani

Mkulima hodari aweza kuwa mwuaji wa maua. Neno hili ni kali, lakini limekwisha kuthibitika katika nyumba nyingi. Mtu aliyezoea kuustawisha mhindi kwa samadi na palizi mpaka ukamzidi kimo, akipewa chungu chenye ua dogo la majani ya mahameli, hulitendea wema ule ule. Hulitia samadi tele, hulimwagilia asubuhi na jioni, na hulitoa nje ili lipate jua. Baada ya majuma machache ua limelala ukingoni mwa chungu, naye hajui alipokosea. Bidii anayo, tena nyingi. Ila amelipa ua la mwambani maisha ya shambani.

Ua linalosemwa hapa wengi hulijua kwa sura hata kama hawalijui kwa jina. Huuzwa katika vitalu vya miche jijini Nairobi na katika miji mingine, nalo huwekwa juu ya meza za ofisi na penye madirisha ya nyumba. Majani yake ni manene, ya mviringo, yenye vinyweleo laini, nayo hujipanga duara kama sahani. Katikati ya duara hutoka vikonyo vyembamba vyenye maua ya rangi ya urujuani, au ya buluu, au ya waridi, au meupe, na ndani ya kila ua mna vinundu viwili vya manjano. Waingereza huliita kwa jina la Afrika. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia. Katika makala hii litaitwa ua la Usambara, kwa kuwa huko ndiko ilikoanzia safari yake ya kuizunguka dunia.

ASILI YAKE

Mwaka 1892, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, ofisa wao mmoja wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona maua haya katika nyufa za mawe karibu na Tanga na katika misitu ya milima ya Usambara. Akayapeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Huko yalichanua, na mwaka 1893 Wendland akayatangaza kwa wataalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kwa heshima ya ukoo ule. La pili maana yake ni "lenye maua kama urujuani".

Tangu hapo safari haikusimama. Katika miaka ya 1920 wauza-maua wa Los Angeles, Marekani, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakazipanda, na katika miche mingi iliyoota wakachagua kumi tu iliyokuwa bora. Kizazi cha miche ile kumi kilienea katika nyumba za Marekani, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakaunda chama chao. Leo hakuna nchi ya baridi isiyoliuza madukani. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza ujamaa wa mimea walilitia katika kundi la Streptocarpus, lakini wapanda-maua wangali wakilitumia jina la zamani.

Hata hivyo, ukiacha vyungu na nyumba za vioo, ua hili humea lenyewe katika nchi mbili tu duniani, nazo ni Tanzania na Kenya. Kwa upande wa Tanzania liko Usambara, Nguru, Uluguru na penginepo. Kwa upande wa Kenya iko aina iitwayo teitensis, ambayo makao yake ni msitu wa Mbololo katika vilima vya Taita, na iko aina iitwayo rupicola, ambayo humea katika miamba ya chokaa ya Kilifi. Jina hilo la rupicola ni la Kilatini, na maana yake ni "mkaa mwambani". Mwenye kulielewa jina hilo amekwisha kuielewa nusu ya kazi ya kulitunza.

MAISHA YA MWAMBANI

Na lifikiriwe jiwe kubwa ndani ya msitu, kando ya kijito. Juu yake miti mikubwa imefunga kivuli, na jua hupenya vipande vipande tu. Jiwe lina unyevu, na majani laini ya kijani yamelifunika kama zulia. Katika ufa wa jiwe majani ya miti yameanguka na kuoza miaka mingi, yakafanya udongo mweusi, mwepesi, usiozidi kina cha vidole vichache. Hapo ndipo ua la Usambara liliposhika mizizi yake. Mvua ikinyesha, maji huupitia ufa yakaenda zake, hayatuami kamwe. Chakula ni kidogo, lakini hakikatiki. Hewa ina unyevunyevu mchana na usiku, wala baridi kali haifiki.

Mambo hayo matano, yaani kivuli chenye nuru, udongo mwepesi, maji yapitayo, chakula haba, na joto la wastani, ndiyo sheria zote za ua hili. Mengine yote ni maelezo yake tu.

Wapanda-maua wa Ulaya waliijua sheria ya miamba tangu zamani, kwa maana wao pia wana jamii kubwa ya maua ya mawe iitwayo Saxifraga, yaani "mvunja-mwamba". Mengi katika jamii hiyo humea katika nyufa za milima kama Alpi, nao huyapanda katika changarawe na vipande vya mawe ili maji yasituame. Jamii hiyo si ndugu wa ua la Usambara, na tabia zake ni mbali: mvunja-mwamba wa milimani huvumilia theluji, na joto la Mombasa lingemwua upesi, bali ua la Usambara theluji hulimaliza kwa usiku mmoja. Lakini katika jambo la mizizi wamekubaliana kabisa. Ua la mwambani, liwe la Ulaya au la Taita, halikubali kusimama ndani ya maji.

MAHALI PA KULIWEKA

Ua hili halifai kupandwa uwanjani kama waridi. Liwekwe chunguni, ndani ya nyumba au barazani penye paa. Latamani nuru nyingi, lakini jua la mchana likiliangukia majani hupauka, kisha huungua pembeni. Likiwekwa gizani halifi upesi, bali vikonyo vya majani hurefuka yakitafuta nuru, na maua hayatoki. Mtu akilalamika kwamba ua lake lina majani mazuri lakini halichanui mwaka mzima, kwanza na aitazame nuru.

Vitabu vya Ulaya husema kwamba dirisha la kaskazini ndilo lenye kivuli. Shauri hilo ni jema kwa mtu wa London, lakini mtu wa Kenya asilifuate kwa upofu. Katika nchi za ikweta jua huelekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, hivyo dirisha la kaskazini hupigwa na jua katikati ya mwaka, na la kusini mwisho wa mwaka. Dirisha la mashariki ndilo bora, kwa maana jua la asubuhi ni la upole. La magharibi huchoma alasiri, na mwenye hilo tu hana budi kutundika pazia jepesi.

Joto lipendwalo na ua hili ni kati ya nyuzi 18 na 24 za sentigredi. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Machakos zafaa bila taabu. Mtu wa Limuru au Nyeri aliondoe karibu na kioo cha dirisha usiku wa Juni na Julai. Mtu wa pwani aliweke penye hewa ipitayo, mbali na ukuta unaochomwa na jua.

UDONGO NA CHUNGU

Udongo wa shamba peke yake haufai, hata ukiwa mwekundu wenye rutuba ya kusifiwa. Ukiwa chunguni hushikamana kama tofali na kuziba pumzi ya mizizi. Mchanganyiko mwema ni huu: sehemu mbili za majani yaliyooza kabisa mpaka yakawa meusi na mepesi, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa au ya mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, na sehemu moja ya udongo wa bustani. Kabla ya kuchanganya, udongo huo wa bustani umwagiwe maji yanayochemka, kisha uachwe upoe na ukauke kidogo, ili vijidudu vinavyoozesha mizizi vife.

Samadi mbichi isikaribie. Yaunguza mizizi, tena hushika maji mno. Mwenye mbolea ya chumvichumvi ya maua aipime robo ya kipimo kilichoandikwa katika paketi, aiyeyushe katika maji, na kuitia mara moja kila majuma mawili. Ua lililozoea ufa wa jiwe halijui karamu.

Chungu nacho kiwe kidogo. Kipimo ni kwamba upana wa chungu uwe kama theluthi ya upana wa duara la majani. Ua lenye majani ya sentimita 30 toka upande huu mpaka huu latoshwa na chungu cha sentimita 10. Wengi hudhani kwamba chungu kikubwa ni heshima kwa mmea. Lakini chungu kikubwa hushika maji mengi kuliko mizizi iwezavyo kunywa, na yale yabakiayo ndiyo yanayooza. Chungu kiwe na tundu chini, na mara moja kwa mwaka udongo ubadilishwe.

MAJI NA HATARI YAKE

Katika maua kumi ya namna hii yanayokufa majumbani, wauza-miche watasema kwamba mengi yaliuawa na mkono wenye birika. Kanuni ni kugusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, liache. Juu ukikauka, weka maji katika kisahani, simamisha chungu ndani yake kwa muda wa nusu saa, kisha umwage yaliyosalia. Kwa njia hiyo maji hupanda kutoka chini, wala hayatuami katika kitovu cha mmea, mahali majani yanapokutana.

Maji yawe na joto la chumba. Maji baridi yakilidondokea jani huacha mabaka ya njano yasiyofutika, kwa sababu jani hili haliwezi kustahimili kupozwa ghafula. Basi maji ya bomba yatekwe jioni, yakae ndani usiku kucha, na kutumiwa asubuhi. Vumbi likishika vinyweleo vya majani, lipanguswe kwa burashi laini iliyo kavu.

Karani anayeondoka kwa likizo ana njia nyingine, nayo ni ile ya utambi. Uzi wa nailoni hupitishwa katika tundu la chungu mpaka ndani ya udongo, na ncha ya pili hutumbukizwa katika kopo la maji lililowekwa chini ya chungu. Udongo ukiwa mwepesi kama ulivyoelezwa, maji hupanda kidogo kidogo kama mafuta yapandavyo katika taa ya koroboi, na ua halitaona kiu kwa siku nyingi.

KISA CHA LIMURU

Hatari ya maji yaonekana wazi katika kisa cha mama mmoja wa Limuru. Binti yake, aliye mwuguzi, alipata kazi ng'ambo, na kabla ya kusafiri alimwachia mamaye chungu kimoja cha ua la Usambara lililokuwa limechanua. Akamwambia, "Mama, nitunzie hili mpaka nirudi." Mama yule ni mkulima mwenye sifa, chai yake na viazi vyake havina mfano kijijini. Akalihamishia ua katika ndoo pana yenye samadi ya ng'ombe, akaliweka dirishani, na kila siku akalinywesha.

Mwezi wa Julai mwanawe wa kiume, karani mjini, alifika nyumbani siku ya Jumamosi, akaliona ua limelegea, majani yameanguka juu ya ukingo wa ndoo.

"Mama, mbona ua la dada limelala?" akauliza.

"Lina kiu, mwanangu," mama akajibu. "Tangu Jumatatu nalipa maji asubuhi na jioni, nalo halishibi. Dada yako akipiga simu nimwambieje? Nimwambie nimeliua?"

Karani hakuwa na jibu. Akalichukua ua lile pamoja na ndoo yake mpaka kwa mwuza-miche mmoja mwenye kitalu kando ya barabara. Mwuza-miche aliugusa udongo, akatikisa kichwa, kisha akaung'oa mmea taratibu. Mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini kama uji, tena ilinuka.

"Ua hili halina kiu, bwana," akasema. "Limezama."

Hilo ndilo fumbo linalowadanganya wengi. Mizizi ikioza haiwezi tena kunywa, na majani hulegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenye ua huongeza maji, na kuoza kunaongezeka. Kwa hiyo yeyote aonaye majani yamelegea na aguse udongo kwanza. Udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa umelowa, ni kuoza, na tone moja zaidi laongeza msiba.

Ule mmea wa mama ulikuwa umekwisha kuoza mpaka kitovuni, wala hapakuwa na njia ya kuuponya. Lakini mwuza-miche alichuma majani mawili ya safu ya katikati yaliyokuwa bado na uzima, akayafunga katika karatasi yenye unyevu, akampa karani. "Mpelekee mama," akasema. "Mmea mzima umo humu."

KUOTESHA JANI

Maneno yale hayakuwa ya kujifurahisha. Katika mimea mingi jani likichumwa hukauka na kwisha. Jani la ua la Usambara huota mizizi, kisha huzaa miche midogo penye mkato wake, na miche hiyo kwa kawaida huwa sawa na mama yao. Kazi yenyewe ni rahisi, na hata mtoto wa shule aweza kuifanya.

Chagua jani zima la safu ya katikati, si la nje lililozeeka wala la ndani lililo changa. Likate kwa wembe safi, ukibakiza kikonyo cha sentimita 3 hivi, na mkato uwe wa mshazari. Jaza kikopo chenye tundu mchanganyiko wa mchanga na majani yaliyooza, nusu kwa nusu, wenye unyevu lakini usiotiririka maji. Chomeka kikonyo kiasi cha sentimita moja na nusu, jani lenyewe lisiguse udongo. Funika kwa bilauri ya kioo ili hewa ya ndani iwe na unyevu kama ile ya msituni, ukiiinua kidogo kila siku ili hewa ibadilike. Weka penye nuru pasipo jua.

Baada ya majuma matatu au manne mizizi hutoka, na penye baridi huchelewa zaidi. Baada ya miezi miwili au mitatu majani madogo huchungulia chini ya kikonyo. Hapo ndipo subira hutakiwa, kwa maana wengi hufukua ili waone, wakavunja kilichoanza. Miche ikifikia upana wa shilingi chache zilizopangwa pamoja, itenganishwe kwa uangalifu, kila mmoja katika kikopo chake. Tangu jani kuchomekwa mpaka ua la kwanza ni miezi minane hadi kumi, kwa kadiri ya joto na nuru.

Mama wa Limuru aliyachomeka majani yake mawili kama alivyoelekezwa. Moja lilioza. La pili lilizaa miche minne mwezi wa Novemba, na mwezi wa Mei uliofuata mmoja wao ulichanua. Binti alipopiga simu, mama alimweleza yote bila kuficha, kwamba la kwanza lilikufa mkononi mwake na haya ni watoto wake. Kisha akawapa majirani wawili mche mmoja mmoja, akiwaonya wote wawili juu ya samadi.

MARADHI NA WADUDU

Wadudu weupe wafananao na vipande vya pamba wakionekana penye makutano ya majani, waondolewe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Ukungu mweupe kama unga juu ya majani ni dalili kwamba hewa imesimama. Ua lihamishiwe mahali penye hewa zaidi, na majani yaliyoshikwa yachumwe. Majani ya katikati yakidumaa, yakawa magumu na yenye kujikunja, huenda ni kazi ya utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Mmea huo utengwe mara moja, na ikiwa hali haibadiliki ni afadhali uchomwe kuliko kuambukiza mingine. Mmea mgeni uliotoka sokoni nao ukae peke yake kwa majuma machache kabla ya kuchanganywa na mingine.

MAUA YA MSITUNI YASING'OLEWE

Liko jambo la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mtu akisikia kwamba ua hili humea lenyewe Taita na Kilifi, aweza kushawishika kwenda kuchimba miche bure badala ya kununua. Asifanye hivyo. Aina zile mbili za Kenya zimebaki mahali pachache mno, nazo zi katika hatari ya kutoweka kabisa. Msitu wa Mbololo ni kipande kidogo juu ya mlima uliozungukwa na mashamba. Mtu mmoja mwenye jembe na kikapu aweza kumaliza kwa asubuhi moja kilichomea kwa miaka mingi.

Tena mmea uliong'olewa mwambani mara nyingi hufa njiani au chunguni, kwa sababu mizizi yake imeshika jiwe nayo hukatika. Basi mlima hupoteza, na mchimbaji hapati kitu.

Kwa upande wa wakulima wanaopakana na misitu hiyo, shoka ni hatari kuliko jembe. Mti mkubwa ukiangushwa juu ya jiwe, jua hulifikia jiwe lile. Zulia la kijani hukauka, udongo ule mwembamba hugeuka vumbi, na ua hufa pasipo mtu kuligusa. Mara nyingi mahali hapo ni kando ya kijito, na kivuli kinacholilinda ua hulinda pia maji ya mifugo na ya nyumba. Mwenye kuiacha miti ya kandokando ya mawe na vijito hajalifanyia ua peke yake hisani, amejifanyia na nafsi yake.

Wengine watasema, "Kuna hasara gani likitoweka mlimani, ikiwa limejaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani?" Jibu ni kwamba maua ya madirishani kwa sehemu kubwa ni uzao wa miche michache iliyosafiri zamani. Aina za mwituni zina tabia ambazo yale hayana. Wafugaji wa maua walipotaka mmea unaotambaa na kuning'inia, walimtafuta grotei wa Usambara, mwenye mashina marefu. Walipotaka mimea midogo ya kuenea kiganjani, walimtumia shumensis, pia wa Usambara. Aina ikishapotea mwambani, tabia zake haziwezi kuagizwa popote kwa bei yoyote.

Ipo na haki ya wenye nchi. Mbegu za mwaka 1892 zilipoondoka Tanga, biashara iliyotokana nazo ilijengwa mbali na milima ya Usambara. Miaka 100 baadaye, mwaka 1992, mataifa yalitia sahihi huko Rio de Janeiro mkataba wa kuhifadhi viumbe hai, ambao wakiri kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake ya asili, na kwamba faida itokanayo nayo igawanywe kwa haki. Lakini nchi haiwezi kudai fungu lake katika kitu ambacho watu wake wamekwisha kukichimba na kukichoma moto.

Kwa hiyo mwenye kulitaka ua hili na alinunue katika kitalu kinachootesha miche yake chenyewe, wala asione haya kumwuliza mwuzaji ilikotoka. Ama, kwa njia iliyo nafuu zaidi, na aende kwa rafiki aliye nalo, amwombe jani moja la safu ya katikati. Rafiki hatapungukiwa na kitu, mlima utabaki na lililo lake, na kabla ya mwaka kwisha mwombaji naye atakuwa na jani la kumpa mwingine. Wembe, kikopo na bilauri vimo katika kila nyumba. Wenye kutaka kujaribu na waanze kabla baridi ya Juni haijafika.